Stringa za boti: unazibandika, unazigundisha au unazipachika?

Msomaji wetu anaandika maelezo ya kuweka stringa (mihimili mirefu ya kuipa boti nguvu) ndani ya boti ya faibaglasi, sasa amekwama kwenye kitenzi: azibandike, azigundishe au azipachike? Na anauliza kama anaweza kuziita mataruma ili akwepe neno la kukopa.

Mataruma hapana. Taruma ni ubavu wa chombo, linakaa kwa kukingama, wakati stringa inalala kwa urefu, toka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma). Ukiandika mataruma, fundi anayejua vyombo vya mbao ataenda kuweka vipande upande mwingine kabisa. Acha tu stringa.

Kupachika nako kutoe, maana kitu kinapachikwa pale penye nafasi yake ya kuingia, kama mpini kwenye jembe, na stringa haiingii popote. Kugundisha kunakaribia ila kunadanganya kidogo, mtu akisoma “gundisha stringa” atapaka rezini (ile gundi ya majimaji ya faibaglasi), akandamize, aondoke zake. Kazi yenyewe haiendi hivyo. Kwanza unapiga msasa bodi (ganda la boti) mpaka mng'ao usiwepo, halafu stringa unailaza juu ya puti nzito ya rezini isigusane kavukavu na bodi (ikigusana hapo panakuwa pagumu kuliko pembeni na baadaye ndo panapasukia), unajaza puti kwenye kona za chini ziwe mviringo kwa sababu kitambaa cha nyuzi hakipendi kona kali, ndo unaivisha stringa nzima tabaka kwa tabaka, kila tabaka likipita lenzake kwa upana. Nguvu kubwa iko kwenye hizo nyuzi. Kwa hiyo mi ningeandika kulaza, kisha kuvisha.

Na kubandika je? Kubandika weka kwenye kitambaa, sio kwenye stringa. Kitu bapa juu ya kitu kingine ndo kinabandikwa, na uzuri wake kinyume chake kipo tayari: usipopiga msasa vizuri kitambaa kitabanduka, na mafundi wakisema “imebanduka” wanamaanisha hichohicho. Stringa yenyewe haibanduki, inang'oka.

Kuhusu “mastringa” uliyoandika kwenye swali lako, kwa mdomo sawa, watu wanasema, ila kwenye maelezo ya maandishi ningeandika stringa hii, stringa hizi.