Diazepamu ya mtoto na ya mavyaa ni moja?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka 2 alishikwa na degedege usiku, mwili moto, macho juu, tukakimbia nae hospitali wakamtia dawa kwa njia ya haja kubwa, muda si muda akatulia. Kuuliza naambiwa diazepamu. Si ndio hio mavyaa anameza apate usingizi mwaka wa pili sasa? Na bugizi, vile vidonge vya Rohypnol vya vijana wa maskani, nasikia ni jamaa moja. Nimeingia hofu, na mavyaa kusikia hivyo asema kesho aziacha zote. Mama Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mama, pole sana, na mlifanya vyema kukimbia. Mtoto hakutiwa kitu kibaya.

Ubongo una seli za kuamsha na za kunyamazisha. Hizi za kunyamazisha zatoa kemikali inaitwa GABA, ikifika seli ya pili yakuta mlango, vipande 5 vya protini vimesimama duara kama mbao za pipa, katikati tundu. GABA ikishika, tundu lafunguka, kloridi yaingia (ile ile iliyo kwenye chumvi ya bahari) na seli yatulia. Diazepamu yenyewe haifungui, yajibana kwenye mwanya baina ya vipande viwili, basi GABA ikija mlango wafunguka mara nyingi zaidi. Degedege ni seli nyingi kuwaka pamoja, kwa hivyo breki ikitiwa nguvu kuwaka huko kwapoa, na breki hio hio kwa mavyaa yaleta usingizi.

Bugizi pia yakaa mwanya ule ule. Kinachoua vijana wetu sana ni kuchanganya, pombe nayo yausukuma mlango huo, na unga (heroini) una njia yake ya kuzima pumzi, vikikutana mtu alala asiamke.

Lakini mama, mavyaa asiache kesho!! Miaka miwili ubongo umeshazoea, milango imekuwa mizito kuitikia GABA, ukiondoa dawa ghafla breki haitoshi, atatetemeka, atakesha, aweza hata kuanguka kifafa. Mpeleke kwa daktari na pakiti yake mkononi, apunguziwe kidogo kidogo, huenda ikachukua miezi.

Na mtoto akishikwa tena mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, ikipita dakika 5 ni hospitali mbio. Hata ikiisha mapema mpeleke apimwe malaria.