Barua kwa mwanangu aliyepangiwa Jeolla

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na barua yao ya ajira nimeisoma mpaka mwisho. Uliomba kupitia EPIK, ule mpango wa serikali ya Korea Kusini wa kuajiri walimu wa Kiingereza kutoka nje, ukitarajia Seoul au Busan, na wao wamekupangia mkoa wa Jeolla Kaskazini, ambao tangu 2024 jina lake rasmi ni Jeonbuk. Sasa unaniuliza ukubali au usubiri awamu nyingine. Tena ukaongeza swali ambalo nahisi ndilo linalokukosesha usingizi: "Mama, siku za kazi zitapita tu, lakini Jumamosi na Jumapili nitafanya nini mahali nisipomjua mtu?"

Kubali. Mkoa huo ndio nilioishi mimi, mjini Jeonju, wakati wewe umeshaanza chuo, na hata leo nikiambiwa nichague, Seoul siombi. Sababu nitakupa. Ila kwanza tuzungumze siku za kazi, maana nazo hazipiti hivihivi.

Kama watakuweka shule ya msingi, Kiingereza kinaanzia darasa la 3, kipindi ni dakika 40, na vipindi vyako vya kawaida havizidi 22 kwa wiki. Muda unaobaki unakaa mezani kwako, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni. Mlangoni unavua viatu na kuvaa ndara zako za ndani. Darasani unakuwa na mwalimu mwenza, Mkorea, na huyo ndiye atakayekusemea benki, hospitali na uhamiaji. Mheshimu, wala usimtwike kila jambo, kwani hayo yote anayafanya juu ya kazi zake mwenyewe. Likizo ya Januari utaendesha kambi ya Kiingereza, na siku nyingine utakaa ofisini peke yako shule ikiwa kimya. Chukua kitabu cha Kikorea ujifunze.

Chakula cha mchana mtakula pamoja, walimu na wanafunzi, kwenye sinia za chuma zenye vishimo: wali, supu, kimchi (kabichi yao iliyochachuliwa kwa pilipili) na vitoweo viwili vitatu. Nguruwe yumo mara nyingi, hata kwenye supu ambayo usingemdhania. Lakini kila mwezi shule inatoa karatasi ya vyakula, na pembeni ya kila chakula kuna namba ndogondogo, zimewekwa kwa ajili ya watoto wenye mzio. Namba 10 ni nguruwe, 15 ni kuku, 16 ni ng'ombe. Karatasi ile niliibandika ukutani, nikawa nazungushia kalamu nyekundu kila penye 10, na siku hiyo nachukua yai la kuchemsha kutoka nyumbani. Mama mmoja wa jikoni aliligundua hilo. Tangu hapo, kila siku ya nguruwe, nikifika mbele yake ananiwekea kipakiti cha mwani wa kukaanga kando ya wali, ananiangalia kidogo, anaendelea kupakua. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza, lakini nilimpenda mama yule kuliko watu wengi niliozungumza nao.

Watoto watakuinamia kukusalimu, watakuuliza una miaka mingapi, watakushika nywele. Wajibu, wafundishe, wana mapenzi ya kweli. Watu wazima ndio wagumu kidogo. Utaangaliwa. Kuna siku basi litajaa na kiti cha pembeni yako kibaki kitupu, na litakuuma, sikufichi. Liliniuma mimi niliyekuwa mtu mzima mwenye watoto. Ninachokwambia ni kwamba hali hiyo inabadilika pale watu wanapokuzoea, na hawakuzoei ukiwa umejifungia chumbani.

Ndipo nafika kwenye Jumamosi zako. Una bahati: hadi mwanzoni mwa 2012 shule za Korea zilikuwa zinafundisha baadhi ya Jumamosi, sasa siku mbili zote ni zako. Seoul walimu wageni ni wengi, na wengi wao wikiendi hukutana wenyewe kwa wenyewe, mitaa ileile, mikahawa ileile, mpaka mwaka unakwisha. Jeonju hilo si rahisi. Unakwenda stendi na kupanda basi pamoja na wazee wanaorudi kwao na vifurushi vyao. Mabasi ya kule yanaondoka kwa dakika iliyoandikwa na nauli hailemei mshahara wa mwalimu.

Basi langu la kwanza kulizoea lilikuwa la mji wa Jinan, kwa ajili ya mlima Maisan. Ni vilele viwili vya mwamba wa kokoto zilizogandana, vimesimama kama masikio ya farasi, na jina lake ndilo hilo. Chini yake kuna hekalu la Tapsa, na hapo mtawa mmoja, Yi Gap-yong, alijenga minara ya mawe yaliyopangwa juu ya mawe, hakuna saruji, hakuna udongo. Imebaki kama 80, mingine mirefu kuliko nyumba, na upepo wa bonde lile ni mkali kweli. Aprili maua ya mcheri huchelewa kuchanua pale kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo yakishapukutika mjini, nenda kayaone huko.

Lakini si minara iliyonirudisha. Ni wapanda milima. Wakorea hupanda milima wakiwa na umri ambao kwetu mtu angeambiwa akae kivulini: bibi wa miaka sabini, kofia ya jua pana, fimbo mbili mkononi, begi lenye matango, mayai na chupa ya kahawa. Siku moja nimekaa kwenye ngazi nikihema, bibi mmoja akaketi kando yangu, akatoa tufaha na kisu kidogo. Akalimenya taratibu, ganda lote likatoka utepe mmoja bila kukatika, akalikata vipande na kunipa cha kwanza kwa mikono miwili. Akauliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, akatikisa kichwa. Nikasema Afrika, akanigusa goti akacheka kwa furaha, kisha akawaita wenzake wote waje. Watakukaribisha na makgeolli, pombe yao ya mchele. Weka mkono kifuani, inama kidogo, pokea tango. Hakuna atakayechukia.

Mahali pangu pa pili palikuwa Gurye, chini ya mlima Jirisan. Kutoka Jeonju unapanda treni ya Mugunghwa, ile ya polepole ya bei nafuu, inayoshuka kusini hadi Yeosu baharini. Stesheni yenyewe iko ng'ambo ya mto Seomjin, kwa hiyo unamalizia kwa basi. Gurye kuna gulio kila tarehe inayoishia na 3 au 8. Miji mingi midogo ya Korea ina magulio ya siku tano tano hivyo, kila mji na tarehe zake, basi tazama kalenda yako ni lini tarehe hizo zimeangukia wikiendi. Mwanangu, mtu wa Tanga akifika pale moyo unatulia. Kuna dagaa waliokaushwa, wamepangwa kwa ukubwa, wadogo kabisa wa kukaanga na wakubwa wa kuchemshia supu. Kuna viazi vitamu vinachomwa kwenye pipa. Kuna ufuta unakaangwa na kukamuliwa mbele yako, na harufu yake unaisikia kabla hujaliona duka. Mafuta hayo wao huyajaza kwenye chupa za pombe zilizooshwa, hivyo nilikuwa nakwenda na chupa yangu, na mwenye mashine akaizoea, akiniona kwa mbali ananyoosha mkono aipokee.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika barua hii. Usizunguke Korea kama mtalii anayekagua orodha. Gyeongju na makaburi ya wafalme wa Silla, dola yao ya kale, nenda, ni pazuri sana. Busan nenda, hasa soko la samaki la Jagalchi. Lakini chagua mahali pawili patatu karibu nawe ukarudie, majira yote manne, mpaka dereva akujue na muuza dagaa akuulize kwa nini wiki ile hukuja. Upweke wangu ulipungua hapo, si kwenye safari kubwa.

Kwa dini yako usihofu. Jeonju penyewe kuna msikiti mdogo. Ijumaa kazi itakuzuia mara nyingi, na nilikuwa naswali chumba cha akiba cha shule baada ya kumwomba mwalimu mkuu mapema. Nyama ya halali nilikuwa naifuata Seoul, Itaewon, kwenye mitaa inayouzunguka Msikiti Mkuu uliofunguliwa 1976. Kwa basi, safari ni chini ya saa tatu. Nenda asubuhi na mfuko wa kuhifadhi ubaridi, swali Adhuhuri pale juu kilimani, nunua nyama, rudi siku hiyohiyo. Sikukuu ya Chuseok, ile ya mavuno, na ya mwaka mpya wao, nchi nzima inasafiri kwenda makwao na maduka mengi yanafunga. Tiketi kata mapema sana au kaa nyumbani, na chakula kiwe kimeshanunuliwa.

Chumba watakupa, kidogo, sakafu inapashwa joto kwa chini na utalala vizuri. Takataka zina mifuko maalumu ya manispaa unayonunua dukani, na mabaki ya chakula yanatupwa peke yake. Jirani atakuonyesha. Ukimaliza mwaka, sheria yao inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa kama mwezi mmoja.

Sasa shughulikia makaratasi. Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba. Tanzania haimo, na binamu zako waliosoma kukuzidi wamekwama hapo, jambo ambalo linanisikitisha kila wanaponiuliza. Wewe una pasi ya Uingereza, itumie vizuri. Nakala ya shahada iliyothibitishwa na cheti cha polisi cha ACRO, ofisi ya Uingereza ya kumbukumbu za uhalifu, vyote viwili vinahitaji apostili, yaani muhuri wa serikali unaofanya hati ikubalike nchi nyingine, na vinachukua muda. Viombe kesho, usisubiri mkataba wa mwisho. Wajibu kwamba umekubali Jeolla. Koti zito usinunue, lile langu la Jeonju bado lipo na Januari ya kule halijawahi kuniangusha. Jumapili ukija kula, lijaribu. Mikono nadhani itabidi tuirefushe.

Mama yako