Shemeji kashika hati za marehemu, askari wa JWTZ: mjane aanzie wapi?

Pole sana dada, Mungu amrehemu mumeo. Shemeji kushika hati hakumfanyi mrithi, lisikutishe. Jeshi ni jambo la Muungano, kwa hiyo mafao yake usiyatafute ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar; nenda kambi aliyokuwa akifanyia kazi. Chukua hati ya ndoa, cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa watoto. Hiyo ya ndoa ikiwa ndiyo kaikamata, omba nakala, usimbembeleze. Mirathi huko Wete, Pemba, ipeleke Mahakama ya Kadhi: maadamu kaacha watoto, fungu lako ni thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kama una mke mwenzio mnagawana hiyo hiyo. Na tafadhali dada yangu, usitie sahihi karatasi yoyote mpaka usomewe uielewe.