Kisima kimeingiwa na kromu: tuanzie wapi?

Swali: Jirani yetu palikuwa na karakana ya kupaka vyuma kromu kwa umeme. Imefungwa, lakini sakafu yake imepasuka, na maji ya kisima chetu cha mita 14 yana unjano. Tunayachemsha na kuyatia shabu. Inatosha? (Msomaji, Tabora Mjini)

Jibu: Haitoshi, na tunawasihi muache leo hii kuyanywa na kuyapikia. Ukichemsha, maji yanapungua na kromu inabaki ileile. Shabu hukamata vumbi na udongo unaoelea. Kromu ya karakana, yaani kromu sita, imeyeyuka kama chumvi, kwa hiyo inapita tu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa kromu yote ni miligramu 0.05 kwa lita. Maji yakifikia kuonekana ya njano yameshauvuka mbali mpaka huo. Kisima cha pili chenye maji maangavu nacho kipimwe, maana kiwango cha hatari hakionekani kwa jicho.

Chukueni chupa mbili. Ya kromu yote itiwe asidi ya nitriki hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke chini ya 2. Ya kromu sita isitiwe asidi kamwe: ichujwe palepale kisimani kwa kichujio cha mikroni 0.45, iwekwe kwenye barafu na ipimwe ndani ya saa 24. Ikitiwa asidi, kromu sita inaweza kugeuka kromu tatu, aina yenye sumu ndogo zaidi, humohumo chupani, na karatasi ya majibu itasema maji ni salama. Kama maabara iko mkoa mwingine, pangeni usafiri kabla ya kuchota.

Kusafisha kunaanzia kwenye sakafu. Zege livunjwe na udongo ulioloa dawa uchimbwe na kuondolewa. Ukiachwa, kila masika itashusha kromu nyingine. Wanaoanza kuvuta maji machafu kwa pampu kabla ya hapo wanateketeza fedha. Hata baada ya kuutoa, kiwango hushuka haraka mwanzoni, kisha kinagoma. Ukizima pampu kinapanda tena, kwa sababu mfinyanzi na nyufa za mwamba hutoa polepole kile zilichofyonza kwa miaka.

Maji yaliyopampiwa hutibiwa kwa salfeti ya chuma, ile ya chengachenga za kijani, inayoigeuza kromu sita kuwa kromu tatu ili itulie chini kama tope. Gramu 1 ya kromu sita inahitaji gramu 16. Tanki la lita 1,000 lenye miligramu 5 kwa lita lina gramu 5 za kromu, hivyo hesabu ni gramu 80. Wekeni 120 hadi 160, kwani oksijeni nayo hula sehemu yake. Pandisheni pH kwa chokaa hadi kati ya 7.5 na 8.5, korogeni nusu saa, acheni itulie usiku kucha, kisha chujeni kwa mchanga. Salfeti iliyogeuka rangi ya kutu imeshaharibika, msiinunue. Klorini isitangulie, kwa kuwa inaweza kuirudisha kromu tatu kuwa sita. Pimeni tena kabla ya kumwaga, na kibali cha kumwaga kiombwe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika.

Ipo pia njia ya kutibu maji yakiwa ardhini. Elizabeth City, Marekani, kwenye karakana ya kromu iliyovuja, mwaka 1996 ulichimbwa mtaro wa urefu wa mita 46, kina mita 7.3 na upana mita 0.6, ukajazwa chembe za chuma. Maji yanapita yenyewe, chuma kinaikamata kromu. Ila Tabora imekaa juu ya mwamba wa matale, na maji yakifuata nyufa yatapita chini ya mtaro. Kwa hiyo kwanza chimbeni visima vitatu vya uchunguzi visivyokaa mstari mmoja, mpime kimo cha maji kutoka usawa mmoja uliopimwa, wala si kutoka midomo ya visima, ndipo mjue yanakoelekea.

Swali: Nina karakana ndogo. Maji ya kusuuzia nikiyatia chokaa kisha niyamwage shimoni, kuna ubaya? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Upo. Chokaa peke yake haiigusi kromu sita. Itanywea ardhini ilivyo. Salfeti itangulie, chokaa ifuate. Kama una beseni la sianidi (sumu kali inayotumika kupaka baadhi ya metali), maji yake yawe na mfereji wake peke yake: yakikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Punguza pia maji yenyewe: acha kifaa kidondoke juu ya beseni kabla ya kukisuuza, kisha kipitishe kwenye matangi matatu mfululizo, maji safi yakiingilia tangi la mwisho na kurudi nyuma. Tope linalotulia baada ya chokaa likaushe juu ya zege lenye paa, ulifunge kwenye mapipa. Usilichome: joto pamoja na chokaa huirudisha kromu tatu kuwa sita.