Muulize mgonjwa wa saratani mwenyewe, na umuulize kwa wakati wake

Mgonjwa wa saratani akiulizwa "unaendeleaje?" mbele ya daktari, mara nyingi hujibu "namshukuru Mungu", na faili linaandikwa kuwa hana shida. Ndiyo maana dodoso la QLQ-C30, linalopima ubora wa maisha ya mgonjwa wa saratani, la EORTC, shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani, lijazwe kabla hajaingia kwa daktari. Ndugu aliyemsindikiza asimjibie, hata kwa nia njema: mzazi huwaficha wanawe maumivu na hofu kabla ya kitu kingine chochote. Asiyejua kusoma asomewe na muuguzi, swali kama lilivyoandikwa, bila kuongezewa "lakini si sana, eti?"

Maswali ni 30. Ya 1 hadi 28 hujibiwa kwa namba 1 (hapana kabisa) hadi 4 (sana). Mawili ya mwisho, ya afya na ubora wa maisha kwa jumla, 1 hadi 7. Kuanzia la 6, yote yanahusu siku saba zilizopita, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mzunguko wa tibakemia ukiwa wa siku 21, ukimuuliza asubuhi ya dozi inayofuata umepima wiki yake nzuri. Kutapika kwa siku za mwanzo hakutaonekana kabisa. Mpigie simu pia siku ya 7 au ya 8, na uandike kwenye karatasi ni siku ya ngapi.

Maumivu yana maswali mawili, la 9 na la 19. Akijibu 3 na 4, wastani ni 3.5, toa 1, gawa kwa 3, zidisha kwa 100: alama 83. Kwa dalili, alama kubwa ni mbaya. Kwa uwezo wa kutenda, kama kutembea na kujihudumia, gawio hilo hutolewa kwanza kwenye 1, kwa hiyo kubwa ni nzuri. Usijumlishe zote pamoja. Akiruka maswali, hesabu alama ya kundi (maswali ya jambo moja, kama maumivu) ikiwa tu amejibu angalau nusu yake.

Badiliko la alama 10 au zaidi lishughulikiwe siku hiyohiyo. Mgonjwa asiyeona hatua yoyote ataanza kujaza ilimradi. Marekani, utafiti wa wagonjwa 766 uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa waliotoa taarifa za dalili zao, na wauguzi wakapelekewa tahadhari hali ilipozidi, waliishi wastani wa kati wa miezi 31.2, wenzao wa huduma ya kawaida 26. Kwa hiyo kabla ya kuchapa dodoso, amueni ni muuguzi gani atasoma majibu, na dawa ya maumivu ataipata wapi.