Kati ya maseta hawa wawili wa kaunti yetu, nani bora? Jibu refu kwa aliyeuliza

Ndugu uliyeuliza, swali lako ni kwamba kati ya maseta (wachezaji wanaowapangia washambuliaji mpira) wawili wanaozungumzwa zaidi katika voliboli ya wavulana wa sekondari kwenye kaunti yetu, yule mrefu anayecheza katika shule ya milimani na yule mfupi wa shule iliyo kando ya barabara kuu, ni yupi aliye bora, na kwa nini watu wanatofautiana sana juu yao. Majina yao sitayaandika kwa kuwa wote wawili bado ni wanafunzi, lakini kila anayefuatilia mechi zetu atawatambua. Nilikuwa seta nikiwa shuleni, nikaendelea na nafasi hiyo hiyo katika timu ya chuo cha ualimu, na sasa ni mwalimu ninayesaidia kunoa timu na mara kwa mara kushika kipenga katika mechi za ngazi ya chini. Kwa maoni yangu, kwa sasa yule mfupi ndiye bora, na ubora wake unaonekana pale pasi ya kwanza inapoharibika.

Nalieleza hilo kwanza kwa sababu mabishano mengi niliyoyasoma hapa yanawapima maseta kwa uzuri wa mikono. Inasemwa kwamba mpira wa yule mrefu unatoka vidoleni bila kuzunguka, na hilo ni kweli, tena linapendeza kutazama. Hata hivyo, kuzunguka kwa mpira peke yake si kosa katika sheria za mchezo huu. Refa anapaswa kuhukumu mguso wenyewe, yaani kama mikono miwili iliugusa mpira kwa nyakati mbili tofauti au kama mpira ulishikwa na kubebwa. Nimewahi kusimama kando ya uwanja nikasikia mashabiki wakidai kosa kwa sababu tu mpira ulizunguka hewani, na nimeona vijana wakiacha kupasi kwa vidole wakaanza kutumia mikono ya chini kwa kuogopa kelele hizo, jambo linaloiharibia timu nzima kasi ya mashambulizi. Mikono safi ni sifa njema, ila ni sifa ya mwanzo tu. Seta anapewa mguso wa pili kati ya miguso mitatu ya timu, na kazi yake ni kumfanya mshambuliaji wake akutane na mzuiaji mmoja badala ya wawili au watatu. Kwa hiyo mimi humtazama mshambuliaji kwanza: je, ameruka mbele ya mikono mingapi?

Lipo jambo la mazingira ambalo wachambuzi wanaotazama voliboli ya kimataifa kwenye televisheni hulisahau. Mashindano yetu ya muhula wa pili, kuanzia kanda, kaunti ndogo, kaunti, hadi mkoa, kwa kiasi kikubwa huchezwa nje, juu ya nyasi au juu ya udongo uliosawazishwa, chini ya jua na katikati ya upepo. Mpira rasmi una uzito wa gramu 260 hadi 280 tu, na uzito huo ni mdogo kiasi kwamba mpira uliopandishwa juu sana kuelekea kona ya kushoto unaweza kusukumwa na upepo ukavuka antena, yaani fito iliyosimama pembeni mwa wavu, au ukarudi ndani na kumlazimisha mshambuliaji kupiga akiwa amepinda mgongo. Zaidi ya hayo, mipira ya shule nyingi imechakaa, mingine imevimba upande mmoja, na vidole vya seta vinapaswa kuzoea tofauti hiyo wakati wa kupasha misuli. Kwenye uwanja wa namna hiyo, mpira mrefu na mzuri ni hatari, na seta anayejua kuushusha, yaani kuupeleka kwa haraka na kwa kimo cha wastani, huwapa wenzake nafasi ambayo upepo hauwezi kuwanyang'anya. Yule mfupi analijua hilo. Tazama anavyofanya timu zinapobadilishana pande: kama sasa upepo unamjia usoni, mpira wake wa kona ya kushoto huwa chini zaidi na wenye nguvu zaidi kuliko ulivyokuwa seti iliyopita. Yule mrefu hupasi kwa kimo kile kile pande zote mbili, na washambuliaji wake ndio wanaolazimika kurekebisha mwendo wao hewani.

Sasa nije kwenye pasi mbovu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha swali lako. Makocha wengi duniani hupima pokezi, yaani pasi ya kwanza baada ya wapinzani kuanzisha mpira, kwa alama kuanzia 0 hadi 3: alama 3 ni pasi iliyomfikia seta mahali pake karibu na wavu, akiwa na uwezo wa kumpa mshambuliaji yeyote, alama 2 ni pasi iliyomsogeza kidogo na kumpunguzia chaguo, alama 1 ni pasi iliyomkimbiza hadi akabaki na njia moja tu, na 0 ni pokezi lililopotea. Nami hutumia daftari na kalamu. Kila mpira unapopokelewa naandika alama ya pasi, naandika seta alimpa nani, na naandika idadi ya wazuiaji waliofika. Kazi hiyo inachosha na inamnyima mtu raha ya kushangilia, lakini baada ya mechi kadhaa mtu hupata picha ambayo macho peke yake hayaitoi.

Kwa pasi za alama 3, vijana hawa wawili hawatofautiani sana. Wote wanawapa washambuliaji wa kati mipira mifupi ya haraka, wote wanajua kupeleka mpira nyuma ya mgongo kwa mshambuliaji wa kulia, na kwa kweli yule mrefu anazidi kidogo kwa sababu anaugusa mpira juu zaidi, hivyo safari ya mpira hadi mkononi mwa mshambuliaji wa kati huwa fupi. Tofauti inaanzia kwenye alama 2 na kupanuka sana kwenye alama 1. Yule mrefu akikimbizwa nje ya mstari wa mita tatu, unaotenga eneo la mbele na la nyuma, karibu kila mara hupandisha mpira kwenye kona ya kushoto, na timu pinzani zimeshaligundua hilo; mzuiaji wa kati huanza kutembea kuelekea upande huo kabla mpira haujatoka mikononi mwa seta. Yule mfupi, akiwa katika hali hiyo hiyo, bado anaweza kuuelekeza mpira kwa mshambuliaji wa kulia au kwa mchezaji anayeruka kutoka mstari wa nyuma, na mara chache zaidi humrudia mshambuliaji wa kati ambaye kila mtu alidhani amekwisha kusahauliwa. Siri yake iko miguuni. Anafika chini ya mpira mapema, anasimama, mabega yake yanaelekea kona ya kushoto kila wakati bila kujali anakusudia kupeleka wapi, na kwa hiyo mzuiaji hapati dalili yoyote ya kusoma.

Naomba niseme pia jambo la haki. Pokezi la shule ya milimani ni dhaifu kuliko la wenzao wa barabarani, ambao wana libero (mchezaji maalumu wa ulinzi wa nyuma) mtulivu na wapokeaji wawili waliozoeana kwa misimu kadhaa. Mtu akilinganisha jumla ya alama ambazo washambuliaji wa kila timu wamepata, atakuwa anamhukumu yule mrefu kwa makosa ya wenzake wa nyuma. Ndiyo maana nasisitiza kulinganisha pasi ya alama 1 na pasi ya alama 1, badala ya timu na timu. Hata kwa kipimo hicho cha haki, yule mfupi anabaki mbele, na ndipo nilipopata ujasiri wa kuandika jibu hili.

Wanaomtetea yule mrefu hutaja kimo chake, na hoja yao ina uzito. Wavu wa wanaume uko mita 2.43 kutoka ardhini, na seta mrefu akiwa mstari wa mbele ni mzuiaji wa kweli dhidi ya mshambuliaji wa kona ya kushoto wa wapinzani, ambaye kwa kawaida ndiye hupewa mipira mingi zaidi katika mechi za shule. Seta mfupi akiwa hapo, wapinzani humlenga yeye, wakampigia juu ya mikono. Nimeona shule ya barabarani ikipoteza alama nyingi kwa njia hiyo, na kocha wao amelazimika kumhamishia katikati katika mizunguko fulani (wachezaji huzunguka nafasi kila timu inapopata haki ya kuanzisha mpira) au kumwacha asiruke kabisa ili asaidie kuokota mipira ya kudondoshwa. Yule mrefu pia anaweza kuokoa pasi inayotaka kuvuka wavu kwa mkono mmoja, na anaweza kudondosha mpira upande wa pili kwa mguso wa pili. Lakini hapa sheria inaingia. Katika mfumo wa seta mmoja na washambuliaji watano, ambao wote wawili wanautumia, seta huwa mstari wa mbele katika mizunguko mitatu tu kati ya sita. Akiwa wa mstari wa nyuma hana ruhusa ya kuzuia, wala kuushambulia mpira ulio juu kabisa ya wavu akiwa ndani ya eneo la mbele. Faida kubwa ya kimo inafanya kazi nusu ya mchezo, ilhali uamuzi mzuri na miguu mepesi vinafanya kazi katika mizunguko yote.

Katika ngazi ya dunia mjadala huu haujawahi kuamuliwa na kimo. Simone Giannelli, mwenye karibu mita 2, aliiongoza Italia kutwaa ubingwa wa dunia wa mwaka 2022 na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano hayo. Masahiro Sekita wa Japani ana mita 1.75 tu, na kwa miaka mingi timu yake imewasumbua mataifa makubwa kwa kasi ya mipira yake. Ninawataja hawa kwa sababu vijana wetu wanapaswa kujua kwamba njia zote mbili zipo, na kwamba kijana mfupi asiambiwe akiwa kidato cha pili kwamba nafasi hiyo si yake.

Kuhusu kuanzisha mpira na ulinzi wa nyuma, sitasema mengi: yule mrefu anapiga kwa nguvu zaidi, yule mfupi anaokota zaidi. Hapo wanalingana.

Kuna kipimo kimoja zaidi ninachokithamini sana, nacho ni mwenendo wa seta matokeo yanapofika 22 kwa 22, seti ikikaribia kuisha. Hapo seta wengi wa shule hukimbilia kwa mshambuliaji wao mkuu, na hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa kocha na benchi zima linapiga kelele la jina lake. Yule mfupi ana tabia ya kumtumia mshambuliaji wa kati mapema katika seti, hata pale ambapo mpira huo haukuzaa alama, ili mwishoni mzuiaji wa kati wa wapinzani asithubutu kuondoka mahali pake. Ni kazi ya kulipa deni kabla halijadaiwa, na ni adimu kuiona kwa kijana wa umri huo. Pia huzungumza na mshambuliaji aliyekosea mara tu baada ya kosa, kwa sauti ya chini, na mara nyingi humrudishia mpira unaofuata. Yule mrefu hukaa kimya. Simlaumu kwa tabia yake ya asili, ila mshambuliaji aliyezuiwa mara mbili mfululizo anahitaji kujua kama mpira wa tatu atauruka karibu zaidi na wavu au mbali zaidi, na anayepaswa kumwambia ni seta.

Kama ungeniuliza ni nani atakayekuwa bora baada ya miaka mitatu, jibu langu lingekuwa la tahadhari zaidi. Klabu kubwa nchini Kenya, kama vile GSU (ya polisi) na Kenya Prisons (ya magereza), zina makocha wenye muda wa kumfundisha kijana mrefu kutumia miguu, na kimo hakifundishwi. Yule mrefu akikubali mazoezi ya kukimbilia pasi zilizotupwa makusudi nje ya mita tatu, kila siku kabla ya kugusa mpira mzuri hata mmoja, pengo ninaloliona leo linaweza kufungika. Naye yule mfupi atahitaji kuongeza mruko wake, kwa sababu akikutana na shule zenye washambuliaji warefu, kama zile zinazofuata desturi ya Cheptil ya Nandi au Mogonga ya Kisii, upande wake wa wavu utapigwa bila huruma.

Mwisho, usimsahau seta wa tatu ambaye hukumtaja, yule wa mkono wa kushoto anayechezea shule ndogo ya kutwa iliyotolewa mapema katika ngazi ya kaunti ndogo. Bado yuko kidato cha pili. Akiwa mstari wa mbele, mkono wake wa kushoto unamruhusu kupiga mguso wa pili kwa nguvu badala ya kuudondosha tu, na mzuiaji wa wapinzani hulazimika kuruka naye, hivyo mshambuliaji wake wa kati hubaki peke yake. Pokezi la timu yake ni baya mno kiasi kwamba daftari langu lina pasi chache sana za alama 3 kwake, na bado washambuliaji wake walipata nafasi za mzuiaji mmoja. Mechi za mkoa zikianza, nitapeleka daftari lile lile kwa maseta wawili uliowaulizia, na nitaandika hapa alama zao za pasi mbovu. Ila ukiwa na nafasi Jumamosi moja, nenda ukamtazame huyu wa tatu akicheza mechi za kirafiki.