Mashindano ya mziki wa gari huanzia kwa mwenye sabufa moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Malindi alinipigia simu. "Kaka, huku kwetu kuna magari kama kumi na tano yenye mziki wa maana. Nataka kuandaa mashindano. Nianze na uwanja au nianze na zawadi?" Nilimwambia aanze na mita ya kupimia sauti.

Hilo nimelijua kwa kuumia. Mara yetu ya kwanza tulikutana kwenye kiwanja cha mchanga huku Kisauni, Mombasa, na tukapima kwa programu ya simu. Likaingia Vitz lenye sabufa moja, yaani spika ya besi, ya inchi 12, simu ikasoma desibeli 112, kipimo cha ukubwa wa sauti. Likaja la pili, 112. Kisha ikafika zamu ya Probox ambalo nyuma kote kumejengwa boksi, sabufa nne. Jamaa alipofungua besi, vioo vilitetemeka mpaka sura zetu zikapotea kwenye vioo vya pembeni, na kibao cha namba kikaanza kugonga bampa. Simu ikasoma 112. Mwenyewe akashuka, akaitazama ile simu, akaniuliza kwa upole, "Yakhe, hii ndiyo mita?" Sikuwa na la kumjibu.

Kipaza cha simu kimetengenezewa mtu anayeongea. Sauti ikishapita kama desibeli 110 au 120 hakina tena pa kupanda, na besi ya chini kabisa hakiipokei sawasawa. Kwa hiyo gari lenye mziki wa shilingi elfu thelathini na lenye mziki wa laki tano yanatoka sare. Siku ile magari matatu yaliondoka bila kuaga, na mawili sijayaona tena.

Tulichanga watu wanane tukanunua kipimo cha kweli, kile cha kunasa mgandamizo wa hewa kilichotengenezwa kwa kazi hii na kuunganishwa na kompyuta. Jina linalojulikana zaidi duniani ni Term-LAB, ndicho kinachotumika kwenye mashindano ya dB Drag Racing yaliyoanzia Marekani. Lakini mita nzuri kwenye mkono mbaya ni hasara tupu. Kipachike kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, urefu uleule kutoka dashibodi kwa kila gari. Sisi tuna kijiti kilichokatwa kipimo, hatukisii kwa macho. Ukisogeza kipimo kidogo tu, namba inahama. Milango ifungwe, vioo vipandishwe kwa wote. Na namba itokee kwenye skrini inayoangalia watu, isibaki kwenye kompyuta ya mwandishi. Mshindani akiiona namba yake pamoja na umati, ubishi hupungua sana.

Wapambe wajue pia desibeli zinavyokwenda. Kuongeza desibeli 3 tu unahitaji nguvu mara mbili: wati 1,000 ziwe 2,000, na 2,000 ziwe 4,000. Ndiyo maana mtu aliyeshindwa kwa nusu desibeli hulala na kidonda. Mheshimu. Usimwambie "ni kidogo tu".

Kwenye kufukuza namba kubwa ndipo waandaaji wengi wanapoteleza, nami niliteleza. Tunatazama video za Marekani, vani zilizovuka desibeli 180, bodi imejazwa zege na kioo cha mbele kimewekwa cha unene ambao hakuna dereva angeendesha nacho mjini. Tunataka yetu yafanane. Sasa jiulize nani atakuja. Vani ile haipigi hata wimbo. Inapiga mlio mmoja wa sekunde chache, hezi 40 au 50 hivi, milango imefungwa. Aliyesimama nje anasikia bati likiguna, basi. Na mwenye Vitz aliyekuja na mke wake anaona hapa si mahali pake. Mwaka wa pili niliandaa hivyo, mwenye nguvu zaidi achukue kila kitu. Probox lile lilishinda mara tatu mfululizo. Mara ya nne lilikuja lenyewe na magari mengine manne.

Kilichotuokoa ni mtindo ambao dB Drag wenyewe wanao, unaitwa Bass Race. Kila daraja lina dari, yaani kiwango cha juu, kwa mfano desibeli 129.9 au 139.9. Unapiga muziki halisi kwa sekunde 30, na anayeikaribia dari bila kuivuka ndiye mshindi. Ukivuka umetoka. Pesa zako hazikusaidii hapo. Kinachosaidia ni kulijua gari lako, kuujua wimbo wako, na mkono.

Nakumbuka dereva mmoja wa teksi, sabufa moja, daraja la 129.9. Alikuwa ameshika kitufe cha sauti kwa vidole viwili kama anayeshika yai. Namba ikapanda 128.8, 129.3, ikasimama 129.6. Besi ya wimbo ilikuwa karibu kurudi, naye alilijua hilo, akakipunguza kitufe nukta moja kabla haijafika. Uwanja mzima ulikuwa kimya ukisoma skrini. Gari lililofuata lilikuwa na nguvu ya ampu, yaani kikuza sauti, mara nne ya yake, likagonga 130.1, likatoka. Watu walimbeba yule dereva juu juu. Tulimpa karatasi yenye namba yake na saini za waamuzi, na hadi leo imebanwa kwenye kikinga jua cha teksi. Mashindano yaliyofuata alileta madereva wenzake sita wa stendi ile.

Kwa magari kumi na tano, madaraja matatu yanatosha. Ukigawa kumi, kila mtu atakuwa bingwa wa peke yake na kombe halitakuwa na uzito.

Mashindano ya usikivu safi, yale ya vyama vya kimataifa vya mziki wa gari kama IASCA au EMMA ambapo mwamuzi anakaa ndani ya gari na kupima kama sauti ya mwimbaji inasimama katikati ya dashibodi, yafanye asubuhi kabla watu hawajajaa. Yanakula muda, na mtazamaji hana cha kuona. Sisi hupima kwa taarabu, maana waamuzi wetu wanajua ala ya kanuni na fidla zinavyolia ukumbini, hawadanganyiki.

Uamuzi nao. Duka moja lilitudhamini, kisha mwenyewe akataka fundi wake awe mwamuzi, na magari matano uwanjani yalifungwa na fundi huyohuyo. Nilikubali kwa sababu ya pesa. Malalamiko ya jambo hilo niliyasikia mwaka mzima. Tangu hapo mwamuzi wetu ni mtu asiye na gari wala mteja uwanjani siku hiyo, na mdhamini anaambiwa hivyo kabla hajatoa hata shilingi.

Majirani uwaendee kwa miguu. Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, na kibali ni lazima ukitafute mapema. Lakini kibali hakimtulizi bibi mwenye mjukuu mchanga. Mimi hupita nyumba kwa nyumba, namwona mzee wa mtaa, namwona imamu. Adhuhuri tunazima, alasiri tunazima, na magharibi haitukuti.

Mambo mawili siyafanyii mzaha: moto na masikio. Fielder moja ilianza kutoa moshi uwanjani kwa sababu waya mkubwa wa umeme ulikuwa umesuguliwa na bawaba ya boneti hadi shaba ikagusa bodi, na hakukuwa na fyuzi. Mtoto wa mwenye gari alikuwa kiti cha nyuma. Tulimtoa upesi, alhamdulillahi. Sasa kila gari linafunguliwa boneti kabla ya kusajiliwa: fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri, betri ifungwe isiruke, la sivyo halipimwi hata kama ni la mdhamini. Vizimamoto viwili viko mezani. Kuhusu masikio, kazini hupendekezwa desibeli 85 zisizidi saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Ndani ya magari haya tuko mbali juu ya hapo. Vizibo vya masikio tunavigawa bure, na mtoto haingii garini mziki ukiwa wazi.

Zawadi ndiyo ya mwisho. Usiahidi pesa ambazo hujazishika. Betri, seti ya waya za shaba safi, siku moja ya kazi ya fundi hodari, hivyo watu wanavipenda na maduka huvitoa kwa urahisi kuliko hundi.

Mwezi ujao naipeleka mita yetu Malindi. Nimemwomba yule kijana jambo moja kabla sijapanda gari: apite kwa kila mwenye gari, aandike sabufa ni ngapi na za inchi ngapi. Na wale ambao hawana sabufa kabisa, wana spika za mlangoni tu, awaandike pia. Nataka tuwawekee daraja lao.